Anza na kipira: mwongozo wa kuhamia iafoni bora za kusikilizia muziki safarini

Gitaa la besi ndilo hupotea kwanza. Ukipanda Coaster asubuhi katika stendi ya Moshi, ukaweka iafoni masikioni na kufungua muziki wa dansi wa zamani, utasikia kila chombo mahali pake mpaka gari liondoke. Likishika lami kuelekea Boma Ng'ombe, mngurumo wa injini unaimeza besi, tumba zinabaki kuwa vishindo vya mbali, na mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe cha kuongeza sauti. Ukifika Usa River masikio yanawaka moto na besi bado haijarudi. Nimesafiri hivyo kwa miaka kadhaa kati ya Moshi na Arusha, kilomita zipatazo 80 kila upande, na katika miaka hiyo nimenunua iafoni mara nne kabla ya kugundua kwamba mbili kati ya hizo hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye kipande cha mpira kisichozidi sana punje ya hindi.

Mwongozo huu ni kwa mtu anayesikiliza muziki kwa simu, anayetumia iafoni zilizokuja na simu hiyo au alizonunua kwa wamachinga, na ambaye sasa anataka kitu bora zaidi bila kutupa fedha. Neno iafoni nalitumia hapa kwa zile zinazoingia ndani ya tundu la sikio na kuliziba, si zile za plastiki tupu zinazokaa mlangoni mwa sikio. Utaratibu ninaoupendekeza unaanza na sikio lenyewe, unapitia nyimbo na simu, na dukani unafika mwishoni kabisa. Wengi wetu tunaanza dukani, na ndiyo sababu droo zetu zimejaa nyaya.

Hatua ya kwanza: hakikisha sikio limezibwa

Iafoni ya aina hii ina kispika kidogo mno, na kispika hicho kinaweza kutoa besi kwa sababu moja tu: hewa iliyomo kati yake na ngoma ya sikio imefungiwa. Pakiwa na upenyo hata mdogo pembeni ya kipira, mawimbi mazito yanatoroka, nawe unabaki na sauti nyembamba ya kukwaruza. Ni sawa na pampu ya baiskeli ambayo mpira wake wa ndani umechakaa: mkono unasukuma kwa nguvu zote, lakini upepo hauendi kwenye tairi. Upenyo huohuo unaotoa besi nje ndio unaoingiza kelele za gari ndani, kwa hiyo hasara ni mara mbili, na mtu huifidia kwa kuongeza sauti.

Jaribio lake halihitaji kifaa chochote. Tafuta kwenye intaneti mlio wa majaribio wa hezi 40 au 50, uucheze kwa sauti ya chini ukiwa mahali penye utulivu, kisha bonyeza iafoni moja kwa kidole taratibu kuelekea ndani ya sikio. Mlio ukiongezeka ghafla unapobonyeza na kupungua unapoachia, sikio hilo halikuwa limezibwa. Usipobadilika, uko salama. Fanya hivyo kwa kila sikio peke yake, kwa kuwa masikio ya mtu mmoja si lazima yalingane. Langu la kushoto linataka kipira cha kati na la kulia linataka kikubwa, jambo ambalo sikulijua mpaka nilipofanya jaribio hili nimeketi kitandani jioni moja, nikiwa na iafoni ambazo nilikuwa nimekwisha kuamua kumpa mdogo wangu.

Karibu kila boksi la iafoni huja na jozi tatu za vipira, vidogo, vya kati na vikubwa, na watu wengi hawavitoi kamwe vile vya kati vilivyovishwa kiwandani. Vitoe. Jaribu vyote, hata kwa kuchanganya, na ujifunze pia namna ya kuvaa: njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa sentimita mbili na nusu hivi na haijanyooka, kwa hiyo pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo ili njia inyooke, ingiza iafoni kwa kuizungusha, kisha achia sikio lirudi na kukikumbatia kipira. Mwanzoni utajiona kichekesho mbele ya abiria wenzako, lakini baada ya siku chache mkono unafanya wenyewe bila wewe kufikiri.

Kama hakuna kipira cha silikoni kinachokufaa, jaribu vya sponji. Hivi unavibana kwa vidole mpaka viwe vyembamba kama kijiti, unaviingiza, unavishikilia kwa nusu dakika hivi huku vikivimba na kuchukua umbo la sikio lako. Vinaziba vizuri kuliko silikoni kwa masikio magumu, ila vinapunguza kidogo ukali wa sauti za juu, vinanyonya jasho, na baada ya miezi michache vinakuwa vigumu na inabidi vibadilishwe. Mimi navitumia safarini tu.

Ukinunua vipira pekee, jambo ambalo ndilo badiliko la bei nafuu kuliko yote katika mwongozo huu, nenda na iafoni yako mkononi. Shingo za iafoni hazilingani unene, na kipira kinachopwaya kwenye shingo ni hatari. Nilikipata cha kwangu kwa bei ya soda, nikaona nimepata. Nilipochomoa iafoni pale Maji ya Chai, mkononi nilikuwa na shingo ya plastiki tupu, kipira kimebaki sikioni. Nilijizuia kukichokonoa, nikashuka mjini Arusha na kwenda zahanati, ambako muuguzi alikitoa kwa koleo nyembamba kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kueleza kilichotokea. «Umefanya vizuri kutokigusa, dada,» alisema. «Wengi wanakuja wameshakisukuma mpaka kwenye ngoma.» Tangu hapo kila kipira kipya nakivuta mara tatu kabla ya kukiamini.

Kama baada ya haya yote besi imerudi na kelele za nje zimepungua, unaweza kuacha kusoma hapa na kutunza fedha zako. Ninasema hivyo bila mzaha.

Hatua ya pili: zikague nyimbo zenyewe

Iafoni bora haitengenezi wimbo mbovu, inauanika. Nyimbo nyingi zilizoko kwenye memori kadi zetu tuliingiziwa kwa mkupuo kwenye vibanda, na nyingi zilikwisha kubanwa zipunguze ukubwa, zikafunguliwa, zikabanwa tena na mtu mwingine. Kunakili faili hakupunguzi ubora hata ukinakili mara mia, bali kila kubanwa upya kunapunguza, na kilichoondoka hakirudi. Dalili yake isikilize kwenye matoazi na kwenye herufi «s» anapoimba mwimbaji: zikisikika kama mafuta yanayokaanga au maji yanayochuruzika, faili imechoka.

Kuna kipimo rahisi cha kuanzia. Wimbo wa dakika nne uliobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde una ukubwa wa MB 3.8 hivi, na ukibanwa kwa kilobiti 320 unafika MB 9.6. Ukikuta wimbo wa dakika nne wenye MB 2, hakuna iafoni itakayouokoa. Ukubwa peke yake, hata hivyo, si uthibitisho, kwa maana kuna wanaochukua faili ndogo na kuigeuza kuwa kubwa, na kuongeza maji kwenye mchuzi hakuongezi nyama.

Kwa wanaosikiliza kupitia programu za muziki, fungua mipangilio uangalie kiwango cha ubora, kwa sababu mara nyingi programu hujichagulia yenyewe kiwango cha chini pale mtandao unapolegea. Spotify, kwa mfano, ina kiwango cha kilobiti 320 kwa wanaolipia. Kiwango hicho kinakula MB 144 kwa saa, ilhali kilobiti 96 zinakula MB 43 tu, kwa hiyo busara ni kupakua nyimbo ukiwa kwenye Wi-Fi na kuzisikiliza barabarani bila bando. Faili za FLAC, ambazo hazipotezi chochote, ni nzuri kwa anayesikiliza chumbani usiku. Ndani ya Coaster iliyojaa sijawahi kuitambua tofauti yake na kilobiti 320, na nimejaribu zaidi ya mara moja.

Hatua ya tatu: ijue simu yako

Geuza simu uangalie kama ina tundu la duara la milimita 3.5. Tangu Apple ilipoliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016, makampuni mengine mengi yalifuata, ingawa simu nyingi za bei ya chini na ya kati bado zinalo. Kama unalo, shukuru, na ulitunze. Vumbi la nguo za mfukoni hujikusanya ndani yake na kuzuia pini isifike mwisho, na matokeo yake ni ya ajabu: wimbo unasikika, vyombo vinasikika, lakini mwimbaji ametoweka au yuko mbali kama anaimba ndani ya pipa. Hilo linatokea kwa sababu pini isipogusana vizuri na waya wa pamoja wa kushoto na kulia, sauti zilizo sawa pande zote mbili zinafutana, na mwimbaji kwa kawaida ndiye anayewekwa katikati. Watu wengi wametupa iafoni nzima kwa tatizo hilo. Zima simu, toa vumbi kwa kijiti cha meno kwa uangalifu, usukume pini mpaka usikie inabana.

Kama simu ina tundu la USB-C peke yake, utahitaji adapta. Zipo za aina mbili ambazo kwa macho hazitofautiani. Moja ni waya mtupu unaotegemea simu itoe sauti iliyokwisha kugeuzwa tayari, na simu nyingi hazifanyi hivyo. Nyingine ina kijichipu chake cha kugeuza tarakimu kuwa sauti, na hiyo ndiyo ya kununua. Usilipie adapta kabla ya kuichomeka kwenye simu yako mwenyewe na kusikia muziki ukitoka kwa nguvu ya kutosha. Simu ya muuzaji siyo kipimo.

Kwenye boksi la iafoni utaona namba yenye alama ya Ω, yaani ukinzani, na nyingine yenye dB, inayoonyesha ni sauti kiasi gani iafoni inatoa kwa nguvu ndogo ya umeme. Kwa simu, tafuta Ω 16 hadi 32 na dB 100 au zaidi, na hapo hutahitaji kifaa cha kukuza sauti. Iafoni zenye dB nyingi mno zina kero yake: wimbo ukisimama unasikia mvumo mwembamba wa «shhh» kutoka kwenye simu yenyewe. Namba ya tatu, ile ya «20 Hz – 20 kHz», ipuuze. Imeandikwa kwenye iafoni za elfu tatu na kwenye za laki tatu.

Hatua ya nne: amua kati ya waya na Bluetooth

Hapa nina msimamo, na msomaji ana haki ya kuukataa. Kwa fedha ileile, iafoni ya waya inakupa sauti bora zaidi, kwa sababu fedha yote imekwenda kwenye kispika na umbo la sikio, wakati ile ya Bluetooth imegawanya fedha hiyo kati ya kispika, betri mbili, chipu, maikrofoni na kikasha cha kuchajia. Betri zake ni ndogo, zinachoka baada ya miaka michache, na kwa nyingi hakuna fundi anayeweza kuzibadilisha bila kulivunja ganda. Iafoni ya waya ikikatika karibu na pini, fundi simu yeyote wa mjini mwenye waya wa risasi na chuma cha kuchomelea anaiunga ukiwa umesimama.

Hata hivyo kuna abiria ambaye Bluetooth inamfaa kweli, naye ni yule anayesafiri muda mrefu na kuchagua iafoni zenye uwezo wa kuzima kelele. Kipira kinazuia vizuri sauti za juu, kama vile konda anayepaza sauti au mtoto anayelia, lakini kinashindwa zaidi na sauti nzito za injini na matairi. Mfumo wa kuzima kelele una nguvu palepale kipira kilipo dhaifu: maikrofoni inausikia mngurumo, na kispika kinatoa wimbi lililopinduliwa linaloufuta. Mfumo huo nao hauwezi kuokoa kipira kinachovuja, kwa hiyo hatua ya kwanza inabaki palepale.

Ukichagua Bluetooth, angalia lugha ambayo simu na iafoni zinaelewana, inayoitwa kodeki. SBC inaeleweka na vifaa vyote, AAC ndiyo inayotumiwa na iPhone, na LDAC, iliyotengenezwa na Sony, inafika kilobiti 990 kwa sekunde kwenye simu nyingi za Android, mradi iafoni nazo ziwe nayo. Usiilipie LDAC kama simu yako ni iPhone, maana haiitumii.

Hatua ya tano: usihesabu vispika

Wauzaji wanapenda kusema iafoni ina vispika vinne, sita, hata kumi kwa kila sikio. Kuna aina kuu mbili. Ya kwanza ni ya utando, ambao ni spika ya kawaida iliyofanywa ndogo: koili inasukuma utando, utando unasukuma hewa. Inatoa besi yenye uzito na ni nafuu. Ya pili ni ulimi mdogo wa chuma uliosimamishwa katikati ya sumaku, unaotikisika ndani ya kijisanduku kidogo sana. Hii ilitoka kwenye vifaa vya kuwasaidia wenye uziwi, na mhandisi wa fani hiyo, Mead Killion wa kampuni ya Etymotic, ndiye aliyeileta kwa wasikilizaji wa muziki kwa iafoni ya ER-4 mwaka 1991. Ina ufasaha mkubwa kwenye sauti za waimbaji na nyuzi, lakini mmoja peke yake hautoi besi ya kukutosheleza kama umezoea rumba au Bongo Fleva.

Kuvichanganya vingi kunahitaji kuvigawia masafa kwa ustadi, na katika iafoni za bei nafuu ustadi huo mara nyingi hukosekana, unabaki na sauti inayogombana: besi upande huu, matoazi upande ule, mwimbaji amebanwa katikati. Kwa mnunuzi wa kwanza ninapendekeza utando mmoja uliotengenezwa vizuri. Mambo mawili ya umbo yana thamani kuliko idadi ya vispika. La kwanza ni waya unaochomoka kwenye iafoni, kwa pini mbili za milimita 0.78 au kwa kifungo cha duara kinachoitwa MMCX, kwani waya ndio unaoharibika kwanza na ukichomoka unaubadilisha peke yake. La pili ni waya unaopita juu ya sikio na kushuka nyuma. Waya unaoning'inia moja kwa moja kutoka sikioni hupeleka kila mkwaruzo ndani ya sikio, na mtu anayevaa jaketi mwezi wa Julai, Arusha ilivyo na baridi, atasikia zipu yake kuliko gitaa.

Hatua ya sita: dukani

Nenda na vitu vitatu: simu yako, vipira vyako ambavyo vimekwisha kukuthibitikia, na nyimbo tatu unazozijua mpaka pumzi za mwimbaji. Za kwangu ni wimbo wa dansi ambamo besi na solo zinafuatana, kwaya ya sauti nne isiyo na vyombo vingi, na taarabu yenye fidla na kanuni. Wa kwanza unanionyesha uzito, wa pili unanionyesha kama sauti ya pili na ya tatu zinatengana au zimekuwa uji, wa tatu unanionyesha kama sauti za juu zinachoma. Kubali kwamba muuzaji atakupa wimbo wake wenye besi ya kutikisa kaunta. Msikilize kwa adabu, kisha rudi kwenye nyimbo zako.

Vipira vyako vivishe kwenye iafoni ya kujaribia. Ni usafi, na pia ndiyo njia pekee ya kusikia iafoni yenyewe badala ya kusikia upenyo. Unapolinganisha mbili, ziweke kwenye ukubwa mmoja wa sauti kadiri uwezavyo, kwa maana sikio la binadamu huipendelea inayolia kwa nguvu zaidi hata kama ni duni, na hiyo ndiyo hila ya zamani kuliko zote katika biashara ya spika. Sikiliza kila moja kwa wimbo mzima. Ile inayokushangaza kwa sekunde kumi za kwanza mara nyingi ndiyo inayokuchosha kabla ya kufika Tengeru.

Kuhusu feki, nitaeleza yaliyonipata. Katika duka moja la Arusha, ambalo sitalitaja, nilipewa iafoni yenye jina kubwa kwa nusu ya bei ninayoijua. «Dada yangu, hii ni ori kabisa, boksi halijafunguliwa,» aliniambia kijana, na kweli nailoni ilikuwa inang'aa. Nyumbani niliona herufi L na R zimechapwa kwa wino unaotoka kwa ukucha, na ndani ya shingo hapakuwa na wavu, palikuwa na tundu tupu. Nilivyorudi, siku hiyo hakuwepo aliyenikumbuka. Sasa nafungua boksi mbele ya muuzaji, nalinganisha namba ya bidhaa iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye iafoni, naangalia wavu, na kabla ya kutoa fedha nauliza kwa maneno yaliyo wazi: nikirudi nayo kesho ikiwa na kasoro, utanibadilishia, na utaiandika ahadi hiyo kwenye risiti?

Bei nayo ina ngazi yake. Kampuni za China kama KZ, Moondrop na 7Hz zina iafoni za waya zinazouzwa kwa dola 20 hivi kwenye maduka ya mtandaoni, kabla ya usafirishaji na ushuru, na kutoka kwenye iafoni za bure zilizokuja na simu hadi hapo ndipo penye mrukio mkubwa kuliko yote utakayoyasikia maishani. Kutoka hapo hadi dola 100 unapata ufasaha zaidi na umaliziaji mzuri. Juu ya hapo unalipa sana kwa tofauti ndogo, na kwa mtu anayesikiliza ndani ya daladala sioni sababu ya kwenda huko. Jina kubwa la iafoni zisizokaa sikioni ni hasara, hata ukizipata kwa zawadi.

Hatua ya saba: wiki ya kwanza

Utasikia watu wakisema iafoni mpya lazima ichezwe saa mia moja usiku na mchana ndipo «ifunguke». Mimi naamini kinachofunguka zaidi ni sikio la mwenye nalo: ukitoka kwenye besi iliyojaa mno, sauti iliyonyooka inaonekana kavu kwa siku mbili tatu, halafu zile za zamani ndizo zinazoanza kuonekana zimefunikwa blanketi. Kwa hiyo zitumie peke yake kwa wiki moja bila kurudi kwenye za zamani, halafu ndipo uhukumu. Kama bado kuna kitu kinakukera, tumia ikwalaiza ya simu, yaani sehemu ya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu, na utaratibu mzuri ni kupunguza kilichozidi badala ya kuongeza kilichopungua, kwa kuwa kuongeza sana kunafanya sauti ipasuke.

Katika wiki hiyo punguza sauti kwa makusudi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila zikiongezeka desibeli tatu, muda salama unakatwa nusu: saa 20 kwa desibeli 83, saa 10 kwa 86, saa 5 kwa 89. Ukiwa na iafoni zinazovuja, ndani ya gari unajikuta huko juu bila kujua, na safari za kwenda na kurudi kila siku zinamaliza muda huo kabla ya Jumatano. Iafoni zinazoziba zinakuwezesha kushusha sauti kwa hatua kadhaa na bado ukaisikia besi, na kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko ufasaha wowote. Simu nyingi zinaweza kuwekewa kikomo cha sauti kwenye mipangilio. Weka kikomo hicho ukiwa nyumbani kwenye utulivu, si ukiwa barabarani. Baada ya safari, masikio yakivuma au maneno ya watu yakisikika kama yanatoka nyuma ya ukuta, ulizidisha.

Kuziba kwenyewe kuna gharama. Nimewahi kupitishwa Sanawari kwa sababu sikumsikia konda akiuliza nani anashuka, na hiyo ni gharama ndogo. Ukishuka na kuanza kutembea, chomoa walau sikio moja kabla ya kuvuka, maana bodaboda haitakusubiri umalize kiitikio. Barabara hii pia inapanda: Arusha iko mita mia kadhaa juu ya Moshi, na iafoni zilizoziba sana zinaweza kukuletea mgandamizo sikioni njiani. Zichomoe kidogo, hewa ijisawazishe, uzirudishe.

Matunzo hayana mengi. Vipira vya silikoni vitoe kila wiki, vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha. Wavu upanguse kwa mswaki laini na mkavu huku umeielekeza iafoni chini, ili nta idondoke nje badala ya kuingia ndani. Usitie spiriti wala usipulize kwa mdomo. Ikiwa upande mmoja umefifia, wavu ndio wa kwanza kushukiwa, waya wa pili, kispika chenyewe wa mwisho. Masikio yako usiyachokonoe kwa pamba za vijiti, kwa kuwa zinaisukuma nta ndani zaidi. Yakiziba, nenda hospitali. Waya uuzungushe kwenye vidole vitatu bila kuukaza, usiufunge kwenye simu, na ganda lenye kijitundu kidogo cha kupumulia lisizibwe kwa uchafu. Mimi naziweka zangu kwenye kikopo kilichokuwa cha mafuta ya kujipaka, pamoja na kile kifuko kidogo cha chembe za kukausha unyevu kinachokuja kwenye viatu vipya, na jozi moja ya ziada ya vipira: cha kati kwa kushoto, kikubwa kwa kulia.